Kuvimba Sio Jina la Ugonjwa

Mtoto wa chini ya miaka mitano akivimba miguu yote miwili, kambi hii inajua la kufanya. Mhamasishaji wa afya anapita nyumba kwa nyumba, anakaa na mama, anabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, anahesabu sekunde tatu, anaachia. Shimo likibaki miguu yote miwili hakuna mjadala, hakuna "rudi wiki ijayo". Mtoto anaandikwa kuwa ana utapiamlo mkali, anapelekwa, anaanzishiwa matibabu. Hata kama ule utepe wa rangi wa kupima mkono unaonyesha kijani, shimo la mguuni peke yake linatosha. Kule kwetu Kivu bibi zetu waliita ugonjwa huu bwaki, na walijua mtoto aliyevimba sio mtoto aliyenenepa.

Sasa chukua mguu uleule umpe mtu wa miaka ishirini na sita. Bonyeza. Shimo ni lilelile. Huyu ataambiwa apunguze chumvi, atapewa Panadol, atarudi nyumbani.

Nauliza: tofauti iko wapi? Sio kwamba mguu wa mtu mzima hauna hatari. Tofauti ni kwamba mtoto ana mradi, ana fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku kimeandikwa "kuvimba". Mjamzito naye ana kliniki yake na kadi yake. Mwenye kifua kikuu ana daftari lake. Siye wengine, vijana, wababa, wamama waliokwisha kuzaa, wazee, tumeangukia katikati ya miradi. Hakuna kisanduku chetu, basi hakuna anayebonyeza.

Ninachodai ni kitu kidogo, na nitakisema mapema ili msomaji asichoke kukitafuta. Mtu yeyote anayefika kituoni amevimba apimwe presha, apimwe mkojo, apimwe uzito, siku hiyohiyo. Na kwenye daftari lake kiandikwe kilichopimwa, kilichoonekana, na kile ambacho bado hakijulikani. Basi.

Nasema kama mtu ambaye yuko ndani ya jambo. Nafanya kazi na vijana katika zoni yetu hapa Kigoma, nilimaliza sekondari hapahapa kambini, na huu ni mwezi wa kumi na moja navimba. Asubuhi ni uso, hasa chini ya macho. Jioni ni miguu. Nikivua kandambili, alama ya mikanda inabaki mpaka usiku. Mwanzoni watu walinisifu. "Yaya, umenawiri! Insentivu inakukubali." Kambini mtu akijaa mwili wanahesabu pesa zake. Baadaye sifa zikageuka maswali, na maswali yakageuka minong'ono, maana mimi ni msichana sijaolewa, na mwili wa msichana ukibadilika kila mtu ni daktari.

Nimeenda kituo cha afya mara tano. Kituo sikitaji, na mtu simtaji, kwa sababu ningeandika jina moja mngesema tatizo ni yule. Mara ya kwanza niliulizwa kama nina mimba. Nikasema sina, kipimo nacho kikasema sina, nikapewa Panadol. Mara ya pili nilipimwa malaria, hakuna, nikaambiwa nasimama sana kazini na ninywe maji mengi. Mara ya tatu mwingine akasema maji nayanywa mengi mno, nipunguze, na chumvi pia. Siku hiyo mkanda wa kupimia presha ulikuwepo mezani lakini betri zilikuwa zimekwisha. Mara ya nne nilipewa vidonge vya kukojoa vya siku saba. Nilikojoa kweli, miguu ikanywea, nikafurahi. Siku ya kumi nilikuwa nimevimba tena kama kawaida.

Mara ya tano nilimkuta muuguzi aliyekuwa anashikilia zamu ya mwenzake. Alinibonyeza mguu juu ya mfupa wa muundi, akanipima presha, akanipa kikopo. Nilipokirudisha alichovya karatasi yenye visanduku vya rangi, akasubiri, akanionyesha: kisanduku cha protini, ambacho kinatakiwa kibaki njano, kilikuwa kijani kabisa. Akaniuliza, "Mkojo wako una povu?" Una povu, miezi yote hiyo una povu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Kuanzia kuingia mpaka kutoka ilikuwa kama robo saa.

Hiyo robo saa ndiyo naiandikia makala hii.

Tuelewane kwanza kuhusu kuvimba kwenyewe, maana hata siye wakaaji wa kambi tunakosea hapa. Kuvimba ni dalili, kama homa. Ni maji ya mwili yaliyotoka kwenye mishipa yakakaa mahali sipo, na yanaweza kufika huko kwa njia nyingi. Figo zikivuja protini, damu inakosa kitu cha kuyashikilia maji. Mara nyingi uso unaanza kuvimba asubuhi na mkojo unatoka povu. Moyo ukichoka kusukuma, maji yanashuka miguuni, mtu anahema akipanda kilima kidogo cha kwenda bombani, na usiku hawezi kulala bila kuinua kichwa. Ini likiharibika, tumbo ndilo linalojaa. Wengi wetu tumekulia kwenye ziwa, Uvira, Baraka, Fizi, tukioga na kuvua Tanganyika, na kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi bila dawa kinaharibu mishipa ya ini. Homa ya ini ya B nayo inafika hukohuko. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla ukawa wa moto na unauma, huenda ni donge la damu kwenye mshipa, na donge hilo likisafiri mpaka mapafuni linaua. Kuna upungufu mkubwa wa damu. Kuna njaa yenyewe. Kuna hata dawa: vidonge fulani vya presha vinavimbisha miguu, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vinafanya mwili ushike maji na vinaweza kuumiza figo.

Kisha kuna wamama. Mjamzito aliyepita wiki ya 20, presha imefika 140 kwa 90, na mkojo una protini, huyo yuko kwenye njia ya kifafa cha mimba, avimbe asivimbe. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Inaweza kumfuata wiki kadhaa. Na kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wanawake mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa: moyo unalegea, miguu inavimba, pumzi inakata. Mama wa namna hiyo kambini anaambiwa ni uchovu wa uzazi. Wakwe wanasema ni bulozi. Hakuna anayesema ni moyo, kwa sababu hakuna aliyesikiliza moyo.

Njia zote hizo, na mwisho wake unaoonekana ni mmoja: mguu umevimba. Ndiyo maana nasema kuandika "kuvimba miguu" kwenye mstari wa ugonjwa ni sawa na kuandika "anaumwa". Mgonjwa alishajua hilo kabla hajatoka nyumbani.

Na ndiyo maana vidonge vya kukojoa vikitolewa bila kupima vinanitia hasira zaidi kuliko Panadol. Panadol angalau haijifanyi. Kidonge cha kukojoa kinaondoa maji, lakini hakizibi pale yanapovuja. Kikitolewa mahali pake, kwa moyo au figo au ini, na mtu akafuatiliwa, ni dawa nzuri inayookoa. Kikitolewa hivihivi kinapunguza chumvichumvi za damu ambazo moyo unazihitaji, kinamkausha mtu, kinamwangusha kwa kizunguzungu, na kibaya zaidi kinaficha alama. Mgonjwa anarudi amenywea, anaonekana amepona, jina linatoka kwenye foleni. Ugonjwa unaendelea na kazi yake kimyakimya.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa. "Wagonjwa ni wengi, sisi ni wachache, pesa zimekatwa." Ni kweli. Sitajifanya sikuona. Mwaka 2025 Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, kambi zote zilisikia; tuliaga wafanyakazi tuliowazoea, na waliobaki wamebeba kazi ya watu wawili. Muuguzi anayeanza asubuhi na kukuta foleni imezunguka jengo sio adui yangu. Lakini tuhesabu pamoja. Ile karatasi ya mkojo haihitaji umeme, haihitaji friji, haihitaji maabara. Unachovya, unasubiri dakika moja au mbili, unalinganisha rangi na zile zilizochapwa kwenye kopo lake. Mkanda wa presha upo, unahitaji betri. Mzani upo, uko chumba cha watoto. Kidole gumba ni cha bure. Mimi nilihudumiwa mara nne kabla ya kupimwa: dawa mara mbili, kipimo cha mimba, kipimo cha malaria, na muda wa watu wanne. Kipi kilikuwa ghali? Kutopima ndiko kulikokula bajeti.

Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wa mashirika mnalisahau, kwa sababu nyinyi jioni mnapanda gari. Mwanakijiji wa jirani, raia wa hapa, akikosa jibu kituo hiki anapanda bodaboda anakwenda kingine. Anaweza kuuza mbuzi akaenda Kasulu, akaenda Kigoma mjini, akamwona mtu mwingine mwenye macho mengine. Mimi siwezi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inasema nisitoke kwenye eneo nililopangiwa bila kibali, na kibali cha matibabu kinataka barua ya rufaa, na barua ya rufaa inatoka kwa mtu yuleyule ambaye hajanipima. Kwa hiyo hapa kituo cha afya sio duka moja kati ya maduka kumi. Ni mlango mmoja. Aliyeshika mlango mmoja ana deni kubwa kuliko aliyeshika mlango kati ya kumi. "Sijui" yake inanifunga mimi ndani.

Sichukii neno "sijui". Kuna watu wanapimwa kila kitu, moyo, figo, ini, damu, na bado kuvimba kwao hakupati maelezo. Hata hospitali kubwa za nchi tajiri zina wagonjwa wa namna hiyo. Mimi mwenyewe mpaka leo najua figo zinavuja, sijui kwa nini zinavuja. Jina langu liko kwenye orodha ya rufaa mwezi wa tatu sasa. Lakini kuna "sijui" mbili. Moja inasema: presha tumepima iko hivi, mkojo tumepima uko hivi, moyo tumesikiliza, sababu bado, apelekwe mbele. Hiyo ni kazi imefanyika, na anayefuata anaanzia hapo. Nyingine inasema: haya, punguza chumvi, afuate mwingine. Hiyo ya pili ndiyo inayojaza madaftari yetu, na kila tukirudi tunaanza upya kama watu waliofika kambini jana.

Tena hii ya chumvi. Ushauri wenyewe ni mzuri, siupingi. Chumvi inashika maji, na mwenye figo au moyo mbovu anatakiwa kuipunguza. Lakini niliambiwa "punguza chumvi, kula samaki, mayai na matunda" na mtu anayejua mgao wangu kuliko mimi. Mgao ni unga wa mahindi, kunde au njegere, mafuta na chumvi, na umepunguzwa zaidi ya mara moja miaka hii. Nikiondoa chumvi kwenye njegere zilizochemshwa nabaki na nini? Nimejifunza mwenyewe: chumvi siweki kwenye sufuria, nachovya kidogo kwenye sahani, naweka ndimu nikipata, kitunguu, nyanya ndogo za bustani ya nyuma ya nyumba, mchuzi wa vile vidonge vya kuungia mboga nimeacha, kwa sababu ni chumvi tupu. Mchana nikipata nafasi nainua miguu juu ya gunia la majani. Kila Jumapili napima uzito kwenye mzani wa dukani, maana kilo mbili za ghafla ni maji, sio mnofu. Hayo yananisaidia kuishi nayo. Kuishi nayo ni kitu kimoja, kutibiwa ni kingine, na sitaki ujanja wangu wa jikoni uandikwe kwenye ripoti kama mafanikio ya huduma.

Sasa nigeuke upande wetu, maana makala inayolaumu mashirika tu ni rahisi kuandika na rahisi kupigiwa makofi.

Wazee wetu, wamama, wanganga wetu, nawaheshimu. Lakini mguu uliovimba ukichanjwa chale kwa wembe "ili maji yatoke", yanatoka maji na vinaingia vijidudu, na ngozi iliyojaa maji haiponi upesi. Mgonjwa wa figo akipewa mchanganyiko wa mizizi ambao hata aliyeuchemsha hajui nguvu yake, figo zilezile zilizochoka ndizo zinazotakiwa kuusafisha. Na tukisema "bulozi" kabla ya kupima, tunafanya kosa lilelile la yule wa Panadol: tunaweka jina pasipo kuangalia. Tofauti ni kwamba la kwetu linamtafuta na jirani wa kumlaumu. Katika kambi ambayo nyumba zinagusana, tunajua tuhuma hiyo inaishia wapi. Anayetaka kuomba, aombe. Anayetaka kwenda kwa mganga, ni uhuru wake. Lakini mkojo upimwe kwanza.

Kwa wasichana wenzangu nina neno la pekee. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri sokoni, vya kufanya mashavu yajae na makalio yaonekane, vingi ndani yake ni deksamethasoni. Hiyo ni dawa ya kweli ya magonjwa mazito, na mwili unaoimeza kila siku bila sababu unashika maji, uso unakuwa mviringo, presha na sukari vinapanda. Ule unaosifiwa kuwa mwili ni uvimbe. Na ukizizoea usiziache ghafla. Nenda ukaseme ukweli kituoni, usaidiwe kuzipunguza. Mhudumu naye akisikia asianze kucheka wala kutangaza kwa mwenzake dirishani, maana ndiyo sababu wasichana hawasemi.

Basi haya ndiyo tunayodai, na nimeyajadili na vijana wa zoni yetu kabla ya kuyaandika.

Kwanza, vipimo vile vitatu viwe kanuni kwa kila aliyevimba, wa umri wowote, na karatasi za mkojo zihesabiwe kwenye bohari kama zinavyohesabiwa dawa za malaria. Zikiisha, itangazwe zimeisha. Tusidanganywe kwamba hazihitajiki.

Pili, asitolewe mtu vidonge vya kukojoa bila daftari kuonyesha kwa nini, na lini arudi kuangaliwa.

Tatu, wahamasishaji wa afya wanaobonyeza miguu ya watoto waongezewe swali moja katika kila nyumba: kuna mtu mzima hapa amevimba? Wako mlangoni tayari, wamekaa kwenye mkeka tayari. Ni swali la pumzi moja.

Nne, aliye kwenye orodha ya rufaa aambiwe yuko wapi kwenye orodha na anasubiri nini: pesa, gari, kibali au daktari. Kusubiri bila kujua unachosubiri kunachosha kuliko ugonjwa. Na akisubiri, apimwe tena kila mwezi, maana ugonjwa hausubiri pamoja naye.

Tano, maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaisikia. Wengine ni Wabembe, Wafuliiru, Warundi. Kiswahili cha dawa ni kigeni kwao kama Kiingereza. Mkalimani wa kituo asiitwe siku za wageni tu.

Na siye wagonjwa tuna kazi yetu. Ukienda kituoni taja mambo haya hata usipoulizwa: ulianza kuvimba lini, ni mguu mmoja au yote, ni asubuhi au jioni, mkojo una povu, una damu, au umepungua, unahema ukilala, umejifungua karibuni, unameza dawa gani, na ya sokoni usiifiche. Kama pumzi inakata, kifua kinauma, mguu mmoja umevimba ghafla kwa maumivu, au ni mjamzito au umetoka kujifungua na kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, usisubiri asubuhi. Gonga mlango wa jirani, nenda usiku uleule.

Ukishahudumiwa, kabla hujainuka kwenye kiti, omba: "Naomba uniandikie ulichopima." Sema kwa adabu, lakini usiinuke. Hiyo sio fujo. Daftari ni lako na mwili ni wako.

Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi tunakaa chini ya mti wa kituo cha vijana na madaftari yetu. Tunasaidiana kusoma yaliyoandikwa na kuhesabu yasiyoandikwa: wangapi walivimba, wangapi walipimwa mkojo. Hesabu hiyo tutaipeleka kwenye kikao cha viongozi wa zoni na mashirika, mkononi, kwa karatasi. Wafanyakazi wa afya mnakaribishwa mkae nasi. Leteni kopo moja la zile karatasi, tutaanza na mimi.